Gramu 75 za wali

Mama aliitazama sahani yake, akanitazama mimi, akairudia sahani. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mwanangu, kwani leo tunafunga?"

Wali uliokuwa mbele yake ungeenea kwenye kiganja cha mtoto. Niliupima mwenyewe, kwa mzani wa kidijitali nilioununua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Gramu 75 kamili kwa mtu mzima, kama programu ya kwenye simu ilivyoagiza. Binti yangu alikuwa amemaliza wa kwake kabla mimi sijakaa. Dada wa kazi alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni, anajizuia kucheka.

Kosa lilikuwa langu. Zile gramu 75 zilikuwa za mchele mkavu, kabla haujapikwa. Mchele ukiiva hunywa maji, uzito wake ukapanda mara mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo usiku ule niliwapa watu wa nyumbani kwangu theluthi ya chakula chao, na nilivyokuwa nimesimama na ule mzani ungesema mimi ndiye bwana lishe wa mkoa.

Kazini wenzangu wawili watatu wameniuliza ile ratiba yetu ya chakula niliipataje. Jibu la kwenye ngazi huwa fupi, "niliitoa kwenye simu tu." Hili la hapa ndilo la kweli.

Februari 2024 mke wangu alihamishiwa Dodoma kikazi. Mimi nikabaki Tabata na watu wanne: mama yangu mwenye miaka 64 na kisukari cha muda mrefu, binti yetu wa miaka 9, mdogo wake wa kiume wa miaka 4, na dada anayetusaidia kazi, binti wa Singida. Mpaka siku hiyo jiko la nyumbani kwangu nililijua kama mgeni anavyolijua: unapita, unanusa, unauliza kama chakula tayari. Pesa ya matumizi niliacha mezani kila asubuhi. Ikageuka nini, sikujua.

Katikati ya Aprili mtoto mdogo akaanza kuchoka. Wenzake wanacheza nje, yeye anarudi kujilaza kwenye kochi. Viganja vyake vilipauka. Kwenye kituo cha afya wakampima wingi wa damu, ikasoma 9.4, na nesi akaniambia kwa umri wake haitakiwi kushuka chini ya 11. Akampa dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza damu. Halafu akashika kalamu na kuniuliza: "Jana alikula nini, baba?"

Nikajibu, "Chakula cha nyumbani."

"Kipi?"

Sikujua. Nilitaja wali, nikadhani kulikuwa na maharage. Nesi hakunisema kitu, aliandika tu, na ule ukimya wake nilitoka nao mpaka kituo cha daladala. Mtu anayeweza kukwambia kontena fulani limekaa bandarini siku ngapi na linadaiwa kiasi gani, hajui mwanawe jana alikula nini.

Usiku uleule nikapakua programu ya kupanga mlo, ile yenye nyota nyingi kuliko zote. Siku 7 za majaribio ni bure, lakini lazima uweke kadi kwanza. Nikaweka kadi ya mtandaoni ya simu. Nikajaza umri, uzito na urefu wa kila mtu, nikabonyeza, na ndani ya sekunde kumi nikapewa wiki nzima yenye picha za kupendeza: shayiri na matunda asubuhi, samaki wa salmoni mchana, brokoli na kuku wa mafuta ya zeituni usiku. Jumamosi nikaingia supermaketi na orodha yangu. Bajeti ya nyumba ilikuwa shilingi 15,000 kwa siku, yaani 105,000 kwa wiki. Nilitoka na risiti ya 214,000, na hiyo ni baada ya kuiacha salmoni nikanunua changu wa Feri. Jumapili usiku mwanangu wa miaka 4 alikigeuza kipande cha brokoli kwenye uma, akasema, "Baba, huu ni mti." Hakuula. Dada yake aliula nusu kwa kunionea huruma.

Jumanne ndiyo ikawa siku ya gramu 75. Jumatano nikaifuta ile programu kwa hasira, nikadhani yamekwisha. Jumamosi iliyofuata ukaingia ujumbe kwamba nimekatwa dola 39.99, malipo ya mwaka mzima, zaidi ya laki moja kwa shilingi zetu. Kumbe kuifuta programu kwenye simu si kusitisha usajili. Usajili unakaa kwenye akaunti yako ya duka la programu, na lazima uingie huko kwenye orodha ya usajili, uusitishe kwa mkono wako. Niliandika barua pepe mbili kuomba pesa irudi, nikajibiwa na mashine mara zote mbili. Siku hizi nikikutana na "bure siku 7", nausitisha usajili dakika ileile ninapojiunga. Huko nilikojiunga baadaye, siku za majaribio zilibaki palepale hata baada ya kusitisha.

Nikahamia programu nyingine, ya bure, ambayo hupangi mlo bali unaandika ulichokula, nayo inakupigia hesabu. Hii niliipenda, mimi ni mtu wa jedwali. Lakini hapa napo pana shimo. Vyakula vingi humo vimeingizwa na watumiaji wenyewe, na hakuna anayewasahihisha. Nilipoandika "ugali" nikaletewa ugali wa kila namna: mmoja kalori 110 kwa gramu 100, mwingine 160, mwingine 360. Huyu wa 360 aliandika unga, hakuandika ugali. Maharage ni vilevile, makavu yana zaidi ya mara mbili ya kalori za yaliyochemka kwa uzito uleule. Dagaa hawakuwemo kabisa, nikawaandika kama sadini wa kopo. Hilo ni kosa ambalo sikuligundua kwa wiki tatu. Dagaa wetu ni mkavu, huliwa mzima na mifupa yake. Yule wa kopo yumo ndani ya mafuta. Ni samaki wote wawili, kama vile pikipiki na lori vyote ni vyombo vya moto.

Na kuna jambo moja ambalo programu hizi hazilijui, nalo lilinichukua muda kulitamka. Zinafikiri kwa "mapishi", kila mlo ni kitu kimoja chenye jina na picha. Sisi hatuli hivyo. Kwetu kuna ugali au wali au ndizi, halafu kuna mboga, na swali la kila siku ni "leo mboga nini?" Nilipoacha kupanga milo 21 ya wiki nikaanza kupanga mboga tu, kazi ilipungua zaidi ya nusu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwezi wa tano nilikuwa bado natazama mstari wa kijani. Kila kirutubisho kina mstari wake, ukitosha unakuwa kijani. Mstari wa madini ya chuma wa mwanangu ulikuwa kijani kila siku: maharage, mchicha, dagaa, na maini Jumamosi. Nikarudi kituo cha afya katikati ya mwezi nikiwa kifua mbele. Damu ilisoma 9.7.

Nesi, yuleyule, aliangalia simu yangu niliyomwonesha kwa majivuno, akairudisha. "Na chai?" akauliza.

Nyumbani kwetu chai ya rangi iko kwenye chupa tangu alfajiri. Mama anaipenda, mjukuu ni rafiki yake, basi wanakunywa wote: na uji, na wali mchana, na ugali usiku. Nesi akanieleza kwamba majani ya chai yana vitu vinavyolishika lile chuma la kwenye maharage na mboga, likapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Chungwa, embe, pera, hata limao kwenye mboga, hufanya kinyume, husaidia liingie. Akasema chai ikae mbali na chakula, saa moja au mbili, na kwa mtoto wa umri ule hata ikiachwa kabisa hakuna hasara. Nikampigia mama simu palepale. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hata ile dawa yake huwa naishushia na chai, maana analalamika uchungu."

Mwezi mzima wa dawa! Programu ilihesabu kilichoingia mdomoni, na hapo ndipo macho yake yalipoishia. Kilichobaki tumboni na kilichopita, hiyo si kazi yake, na haikuwahi kudai kwamba ni kazi yake. Ni mimi niliyeutazama mstari wa kijani nikadhani ni majibu ya maabara.

Kosa la pili sipendi kulisimulia, lakini bila hilo simulizi hii itakuwa ya uongo. Wiki ileile niliyokuwa najivuna, nilikuwa nimemwekea mama "lengo la wanga". Nilisoma mahali kwamba mwenye kisukari apunguze wanga, nikaisogeza namba chini, programu ikatii. Uji wake wa asubuhi nikauondoa, nikaweka yai moja la kuchemsha na nusu parachichi. Mama hakubisha, alisema tu kwamba mwanawe amesoma. Vidonge vyake vya sukari aliendelea kuvimeza kama kawaida.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, niko bandarini, simu ya dada ikaita. "Baba, bibi anatetemeka. Jasho linamtoka, ananiita jina la shangazi."

Mashine ya kupimia sukari ilikuwepo nyumbani. Ilisoma 3.1. Bahati yetu ni kwamba dada hakunisubiri nifikirie, alikuwa ameshakoroga maji ya sukari na kumnywesha, kwa sababu aliwahi kumwona mama akifanyiwa hivyo na mke wangu. Nilipanda bodaboda kutoka bandarini mpaka Tabata na sikumbuki njia tuliyopita. Nilipofika mama amekaa kitandani, amejifunga khanga begani, amechoka lakini ananitambua.

Daktari wa kliniki yake alinieleza bila kupandisha sauti. Vidonge vyake viko vya aina mbili, na kimoja, kile kilichoandikwa glibenclamide, hulazimisha kongosho kutoa insulini ule usile. Ukimnyima wanga wa asubuhi huku kidonge kimeshamezwa, sukari inaweza kuanguka. Chini ya 3.9 tayari ni hatari. Akatufundisha cha kufanya: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale chakula, na kama hawezi kumeza, usimlazimishe, mkimbize hospitali. Halafu akaniambia kitu ambacho namwambia kila mtu mwenye mzazi wa kisukari au presha: chakula chake na dawa zake ni hesabu moja, ukigusa upande mmoja, mwenye kuupanga upande wa pili ajue. Uji ukarudi, bakuli dogo, bila sukari. Dozi akaibadilisha yeye.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa wiki mbili baada ya hapo sikugusa programu yoyote. Dada alipika alivyojua, na kwa kweli hatukufa. Aliyenirudisha ni mke wangu. "Baba watoto," alisema kwenye simu, "shida yako unataka simu ifikirie. Fikiria wewe, simu iandike."

Tukafungua jedwali la Google, yeye akiwa Dodoma na mimi Dar, tunaliona wote. Safu ya kwanza tuliandika vyakula vinavyopatikana kweli: vya Buguruni sokoni Jumamosi, vya gengeni kila siku, vya dukani kwa Mangi. Vilitimia 38. Safu ya pili bei ya siku hiyo na kipimo chake halisi, si kilo tu, maana gengeni hakuna kilo: fungu, kisado, mkungu. Safu ya tatu kundi la chakula. Makundi niliyachukua kwenye vipeperushi vya Taasisi ya Chakula na Lishe, viko mtandaoni, ni vya Kiswahili na ni vya bure. Kwa namba za virutubisho niliacha kuamini majina ya kuokoteza. Nikapakua jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililotengenezwa na chuo cha Muhimbili pamoja na taasisi hiyohiyo na chuo cha Harvard cha Marekani. Limeandikwa kwa Kiingereza na si la kupendeza machoni, lakini humo matembele ni matembele, na kibichi kimetenganishwa na kilichopikwa. Wakenya nao wana la kwao la mwaka 2018, linasaidia pale letu linapokosa kitu.

Hapo ndipo nikaileta akili unde, ile AI ya kwenye simu. Mara ya kwanza niliiuliza kijinga: "Nipangie mlo kamili wa wiki kwa familia ya watu watano Dar es Salaam." Ilijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Ilinipangia maembe kila asubuhi, mwezi wa sita, wakati embe Dar ni la kutafuta kwa tochi. Alhamisi ikanipangia saladi ya kisamvu na limao. Nilimsomea dada kwa sauti. Akaacha kuosha vyombo, akakaa kwenye ndoo. "Baba, kisamvu kibichi? Unataka kutuua?" Kweli, majani ya muhogo yana sumu, ndiyo maana yanatwangwa na kuchemshwa mpaka yaive sawasawa. Simu ilikuwa imeona jani la kijani, ikafikiri saladi.

Nilipobadilisha swali, majibu yakabadilika. Nilibandika orodha yetu yote ya vyakula 38 na bei zake, nikaandika: tumia hivi tu, usiongeze kingine, jumla isizidi 105,000, mboga za majani kila siku, dagaa au maharage au kunde au choroko angalau mara tano, mtu mmoja ana kisukari, usibadilishe kiasi cha wanga wake, mtoto mmoja anahitaji chuma, kila mlo wake uwe na tunda chachu. Hapo ikawa msaidizi wa maana. Kuchanganya vitu 38 visirudierudie ni kazi inayonichosha mimi lakini haiichoshi mashine. Hesabu ya pesa sikuiachia; mara mbili jumla yake ilipungua kwa zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo kujumlisha hufanywa na jedwali. Majina ya watoto sikuandika, wala jina la kliniki. Haihitaji kuyajua ili ipange maharage.

Mke wangu alikuwa anaacha maoni pembeni ya jedwali. "Jumatano mchicha tena?" "Dagaa wa Kigoma bei hiyo? Chukua wa Mwanza, si unawachuja tu mchanga." Kwa namna fulani tulirudi kuwa nyumba moja mle ndani ya visanduku. Usiku mwingine nilifungua jedwali bila sababu, kuona tu kama kile kialama chake kinatembea.

Nikachapisha ratiba, nikaibandika kwenye friji, nikaenda kazini nimetulia. Jioni nikakuta mboga imeogelea mafuta vilevile kama zamani. Nikauliza kwa nini ratiba haikufuatwa. Dada akaisogelea karatasi, akaweka kidole. "Hapa umeandika mafuta gramu 28. Gramu 28 ndiyo kiasi gani, baba?"

Mimi na mke wangu, simu mbili, jedwali, mashine yenye akili, wiki tano za kazi. Anayeshika mwiko hakuwa amehusishwa hata kidogo.

Jumapili hiyo baada ya chakula tulikaa jikoni, mimi, dada, mama kwenye kigoda chake, na ule mzani wa Kariakoo. Nilimwambia dada amimine mafuta kama anavyomiminaga kwa sufuria moja ya mchicha, ila aweke kwenye kikombe. Akamimina kwa mkono wa mazoea, hakuangalia hata. Gramu 110. Kwa sufuria mbili kwa siku hiyo ni robo lita kasoro kidogo, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini dumu la lita 5 lilikuwa halimalizi mwezi, linaisha wiki ya tatu. Tukapima kijiko cha chakula: gramu 14. Tukakubaliana vijiko vinne kwa sufuria, na mama akapiga kura ya vitano. Tukapima upawa: wali uliojaa upawa wetu ni gramu 150, kwa hiyo zile gramu 75 kavu maarufu ni upawa mmoja na robo. Kuna bakuli la plastiki la bluu ambalo dada hulitumia kufinyangia ugali. Likijazwa na kusawazishwa linabeba gramu 320. Mtu mzima bakuli moja, mama nusu bakuli na mboga za majani mara mbili, watoto nusu na waongezewe wakitaka. Dona au sembe, bakuli ni lilelile. Mama alikuwa anaamini dona halipandishi sukari, akila mlima. Lina kapi na virutubisho zaidi, lakini bado ni mahindi.

Ratiba mpya haina gramu hata moja. Imeandikwa na dada mwenyewe, kwa kalamu ya wino, kwa maneno yake: "Siku ya 4: ugali bakuli la bluu, dagaa vikombe 2, matembele mafungu 3, mafuta vijiko 4, nyanya nyingi, chungwa. CHAI HAPANA." Ameingiza na vitu ambavyo mimi na mashine hatukuvifikiria. Mlenda mkavu anaoletewa na mama yake kutoka Singida umechukua siku yake moja, na hapo karanga za kusaga zimeingia bila mtu kuzitaja kama protini. Mzunguko ni wa siku kumi tu za mboga, ukiisha tunaanza upya. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tulishakula hiki siku kumi zilizopita.

Binti yangu bado ananunua chipsi shuleni. Hilo sijalimaliza.

Mapema Agosti tukarudi kupima: 11.4. Nesi alitabasamu kidogo, akaniambia dawa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, chakula kinamlinda asirudi tulikotoka. Nimeliweka hapa kama alivyosema, maana ningeweza kuandika kwamba ni ratiba iliyomponya na wengi mngeniamini. Sukari ya mama inapanda na kushuka kama ya mtu yeyote mwenye umri wake, lakini haijaanguka tena. Dumu la mafuta sasa linafika wiki ya tano. Kwa upande wa hasara: mzani 25,000, supermaketi 109,000 juu ya bajeti, usajili laki na kidogo. Ule mzani ndio pekee ninaoutetea.

Ningekuwa naanza leo, ningeanza na dada, mzani na bakuli, jioni moja. Kisha jedwali. Simu ningeileta mwisho.

Juzi bakuli la bluu limepasuka. Lilimwagiwa ugali wa moto mara nyingi mno. Nimenunua la kijani, ni kubwa kidogo. Jana nimerudi kazini nikamkuta dada ameshautoa mzani kabatini, peke yake, anapima ugali mara ya pili kuhakikisha. Amechora mstari ndani ya bakuli kwa ncha ya kisu pale gramu 320 zinapoishia, na chini yake mwingine mfupi, kauandikia "bibi".